Usalama wa Simu na Kompyuta kwa Mtumiaji wa Kawaida Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara kwa mtu anayetengeneza kompyuta na kuhudumia wateja kwenye duka la kuprinti. Anayeuliza huwa mama wa sokoni, dereva wa lori anayevuka Malaba, mwanafunzi wa Makerere au mkimbizi wa kambi ya Nakivale. Tumeanza na mambo ya msingi, kisha yanafuata yale yasiyompata kila mtu. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, utaelekezwa huko kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Mimi sina pesa za maana. Mwizi wa mtandaoni atataka nini kwangu?

Anataka jina lako. Aliyeiteka WhatsApp yako hana haja na salio lako. Anawaandikia watu wako, "Niko hospitali, nitumie laki mbili, jioni nitarudisha," na shangazi anatuma kwa sababu anakuamini wewe. Aliye na laini yako na namba yako ya siri anaweza pia kukopa kwa jina lako kupitia huduma kama MoKash, na deni likabaki kwako.

Tena bafere (matapeli) hawachagui mtu. Meseji ile ile huenda kwa maelfu ya namba kwa mpigo, nao hukaa wakingoja atakayejibu.

2. Nina saa moja tu. Nianze na nini?

Anza na laini ya simu, kisha barua pepe. Ukisahau neno la siri la akaunti yoyote, njia ya kulirudisha hupitia meseji au barua pepe. Kwa hiyo aliyeshika hivyo viwili ameshika na vingine vyote. Ndiyo maana simshauri mtu kununua antivirusi kabla hajaifunga laini yake.

Basi katika saa hiyo moja: funga laini kwa namba ya siri (swali la 9), ipe barua pepe neno la siri jipya (swali la 3), washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe na WhatsApp (maswali ya 6 na 14), na hakikisha simu inajifunga yenyewe skrini ikizimika. Mengine yanaweza kungoja Jumamosi.

3. Neno la siri zuri linakuwaje?

Ni refu, na halina uhusiano wowote na wewe. Urefu una nguvu kuliko alama. "Kampala@2024" linaonekana gumu, lakini programu za kubahatisha maneno ya siri zinaujua mtindo huo: herufi kubwa mwanzoni, alama katikati, mwaka mwishoni. Maneno manne au matano yasiyohusiana, kwa mfano kijiko, Arua, mvua, sitini na kiatu, ni magumu zaidi kubahatisha na ni rahisi zaidi kukumbuka. Kama nyumbani mnasema Kilugbara, Lusoga au Kinande, changanya. Usichukue mfano huu wenyewe, wala mstari wa wimbo, wala aya ya Biblia au Kurani.

Namba ya siri ya pesa za simu ni habari nyingine. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000 na tano zina 100,000. Mfumo hufunga akaunti baada ya kukosea mara chache, kwa hiyo mwizi hana nafasi ya kujaribu zote. Hujaribu zile zinazopendwa: 1234, 0000 na mwaka wa kuzaliwa. Na mwaka wako wa kuzaliwa umeandikwa kwenye kitambulisho kilichokuwa ndani ya pochi aliyoiba pamoja na simu.

4. Akaunti ni nyingi. Siwezi kutumia neno moja kote?

Usifanye hivyo, hasa kwa barua pepe. Tovuti ndogo ikidukuliwa, orodha ya barua pepe na maneno ya siri huuzwa, kisha programu huijaribu kwenye Gmail, Facebook na benki bila mtu kugusa kitu. Ukitaka kujua kama barua pepe yako imewahi kuvuja hivyo, ingia haveibeenpwned.com, tovuti ya bure iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013. Itakutajia tovuti zilizovujisha.

Kukumbuka yote si kazi ya kichwa. Simu ya Android na kivinjari cha Chrome vina sehemu ya kuhifadhi maneno ya siri, na programu kama Bitwarden hufanya hivyo bila malipo. Asiyetaka mambo hayo aandike kwenye daftari na kulifungia sandukuni nyumbani. Wataalamu wengine hulikataa daftari. Mimi nalikubali kabisa, kwa sababu mwizi aliye nchi nyingine hawezi kulifungua sanduku lako. Ila usiweke karatasi ya namba za siri ndani ya kava la simu.

5. Nibadilishe neno la siri kila mwezi?

Hapana. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kushauri hivyo mwaka 2017, kwa sababu watu wakilazimishwa huongeza tu 1, kisha 2, kisha 3 mwishoni. Badilisha ukijua limevuja, umelitumia kwenye kompyuta ya watu, au mlioachana naye analijua.

6. Uthibitishaji wa hatua mbili ni nini, na nikipoteza simu nitaingiaje?

Ni mlango wa pili. Hata mtu akilijua neno lako la siri, ataulizwa kitu kingine: namba zilizotumwa kwa meseji, au zinazotengenezwa na programu kama Google Authenticator ndani ya simu yako. Programu ni bora kuliko meseji, kwa kuwa meseji humfuata aliye na laini. Lakini meseji ni bora kuliko kutokuwa na kitu.

Kuhusu kupoteza simu: Google hukupa namba kumi za akiba, kila moja ya tarakimu nane na ya kutumika mara moja. Ziprinti leo, uziweke pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya kiwanja. Wengi hawafanyi hivyo, na siku simu ikipotea wanabaki nje ya akaunti yao wenyewe.

## Laini ya simu na pesa za simu

7. Amenipigia mtu wa "kampuni ya simu" anataka namba nilizotumiwa kwa meseji. Nimpe?

Usimpe. Namba hizo hutumwa kwa sababu mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako wakati huo huo, na mtu huyo ndiye anayekupigia. Kampuni, benki, URA (mamlaka ya mapato) au NIRA (mamlaka ya vitambulisho) hawahitaji kukuuliza namba ya siri wala namba za kuthibitisha. Kulijua jina lako kamili hakumfanyi kuwa mfanyakazi wa kampuni: jina hutokea mtu yeyote anapotaka kukutumia pesa.

Kuna namna nyingine ya ujanja huo. Anakuambia upige namba inayoanza na nyota mbili na 21, "ili kurekebisha mtandao". Hiyo huelekeza simu zako kwake. Kisha anaomba WhatsApp impigie badala ya kutuma meseji, naye anasikia namba za kuthibitisha moja kwa moja. Kama umeshapiga, piga ##002# kufuta uelekezaji wote, halafu soma swali la 14.

8. Nimetumiwa pesa kimakosa na mwenyewe analia nimrudishie. Nifanye nini?

Huwa hivi. Simu inalia, meseji inasema umepokea UGX 350,000, na jina la mtumaji lipo. Kabla hujamaliza kuisoma, anapiga mwanamke mwenye mtoto analia nyuma yake: ni ada ya shule, amekosea tarakimu moja, muhula umefunguliwa, "Ndugu yangu, nakuomba kwa jina la Mungu." Huruma inakupanda, unatuma. Kumbe hakuna kilichoingia. Ile meseji aliiandika yeye.

Angalia mambo mawili. Kwanza, imetoka wapi? Meseji ya kweli huja kwa jina la huduma. Haiji kutoka namba ya kawaida yenye tarakimu kumi. Pili, usiamini salio lililoandikwa ndani ya meseji. Piga mwenyewe *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel uone salio lako.

Na kama pesa imeingia kweli? Hata hapo usirudishe kwa mkono. Mwambie apige 100, kampuni yake iirudishe. Ukituma wewe, naye akaomba irudishwe na kampuni, utaondokewa mara mbili. Mwenye shida ya kweli hatakasirika kuambiwa hivyo, na anayezidi kukuharakisha ameshajitambulisha.

9. Simu yangu ina alama ya kidole. Kwa nini laini nayo ifungwe?

Kwa sababu mwizi haifungui simu yako. Anatoa laini, anaitia kwenye simu yake ya elfu hamsini, na meseji zako zote za kuthibitisha zinaingia huko. Kidole chako hakimsumbui.

Kifungo cha laini kipo kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Ukikiwasha, kila laini inapotiwa kwenye simu au simu inapowashwa, itaomba namba. Tahadhari moja: ili ukiwashe, unatakiwa kuijua namba ambayo laini ilikuja nayo. Usibahatishe. Ukikosea mara tatu laini hufungwa na kudai PUK (namba ya kuifungua tena laini), na PUK ikikosewa mara kumi laini hufa kabisa. Uliza kwanza kwa namba 100 au duka la huduma, kisha weka yako.

10. Nimeibiwa simu taksi paki. Nifanye nini kwanza?

Funga laini kabla ya jambo jingine lolote. Omba simu ya mtu, piga huduma kwa wateja, wafunge laini na akaunti ya pesa. Watu wengi hukimbilia polisi kwanza au humfukuza kijana aliyeshapotea zamani, na muda huo ndio mwizi anaotumia.

Laini ikishafungwa, ingia android.com/find kwenye simu nyingine, uifunge simu au uifute. Badilisha neno la siri la barua pepe. Kisha nenda polisi uandikishe wizi, na ubebe barua yao pamoja na kitambulisho kwenye duka la huduma ili upewe laini mpya yenye namba ile ile.

Polisi wataomba IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Piga *#06# sasa hivi, uiandike mahali nje ya simu.

11. Mtandao umepotea ghafla kwenye simu yangu tu. Je, ni hatari?

Inaweza kuwa. Angalia jirani anayetumia mtandao huo huo. Kama yeye anao na wewe huna hata baada ya kuzima na kuwasha, huenda mtu amepewa laini nyingine yenye namba yako. Piga huduma kwa wateja kutoka simu nyingine mara moja, usingoje asubuhi. Wizi wa namna hii huanzia kwenye nakala ya kitambulisho na NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) iliyozagaa ovyo. Tazama swali la 22.

12. Laini yangu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Kuna tatizo?

Lipo kubwa. Mbele ya kampuni, mwenye laini ni yule mwenye kitambulisho. Siku mkigombana, au siku akihitaji pesa, anaweza kwenda dukani akapewa namba hiyo na salio lake. Mkimbizi naye husajili kwa kitambulisho cha mkimbizi kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo hana haja ya kumlipa mtu amsajilie. Hamisha pesa kwanza, sajili laini yako mwenyewe, halafu badilisha namba kwenye barua pepe na WhatsApp.

13. Mama yangu hasomi. Humpa wakala simu na namba ya siri ili amtolee pesa. Tufanyeje?

Hili linaniumiza kila nikilisikia, kwa sababu mama hana kosa. Huduma haikutengenezwa kwa ajili yake. Mawakala wengi ni waaminifu, lakini namba iliyotajwa kwa sauti kibandani imesikiwa na foleni nzima.

Kutosoma si kutojua namba. Mama anayehesabu noti sokoni anaweza kubonyeza namba yake kwa kufuata mpangilio wa vitufe: juu kushoto, katikati, chini kulia. Mfundishe kwa simu ya vitufe, akirudia mpaka kidole kizoee. Wakala aandike kiasi, mama aandike namba ya siri, simu isitoke mkononi mwake. Na pesa ya akiba isikae kwenye laini anayoibeba. Iwe kwenye laini ya pili inayobaki nyumbani.

## WhatsApp, linki na programu

14. WhatsApp yangu imetekwa. Naweza kuirudisha?

Ndiyo, maadamu laini ungali nayo. Fungua WhatsApp, andika namba yako, omba namba za kuthibitisha na uziingize. Hapo mwizi hutolewa. Kama ameshaweka namba yake ya hatua mbili, utaombwa namba usiyoijua, na utangoja siku 7 ndipo uingie bila hiyo. Habari njema ni kwamba hata yeye ameshatoka.

Wakati huo wapigie watu wako kwa sauti, ukianza na wanaokutumia pesa bila kuuliza. Waambie viongozi wa vikundi vya kanisa, msikiti na chama cha akiba wakutoe kwanza. Ukishaingia, nenda Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya tarakimu sita. Aliyeiweka mapema hupona hata akiponyokwa na zile namba za meseji.

15. Nitajuaje kama kuna mtu anasoma meseji zangu?

Fungua Vifaa Vilivyounganishwa ndani ya WhatsApp. Ukiona kompyuta usiyoijua, itoe. Akaunti ya Google nayo ina orodha ya vifaa vilivyoingia. Mara nyingi anayesoma si mdukuzi wa mbali. Ni mtu wa nyumbani aliyeishika simu kwa dakika moja. Kama unamwogopa mtu huyo, fikiria usalama wako kwanza kabla ya kumtoa, maana ataona ametolewa.

16. Nitatambuaje linki ya uongo?

Usiangalie sura ya ukurasa, kwa kuwa nembo hunakiliwa kwa dakika moja. Soma anwani. Baada ya https:// tafuta mstari wa mshazari wa kwanza, kisha rudi nyuma ukisoma kutoka kulia. Kinachokaa mwishoni kabla ya mstari huo ndicho chenye mwenyewe. Anwani ura.go.ug ni ya mamlaka ya mapato. Lakini ura.go.ug.zawadi-leo.com ni ya mtu mwenye zawadi-leo.com, na "ura" ameiweka mbele kama pambo. Mwisho wa .go.ug hupewa taasisi za serikali tu, kwa hiyo "ajira za serikali" zilizo kwenye .com au .xyz zitilie shaka.

Ile kufuli karibu na anwani haithibitishi uaminifu. Inasema tu kwamba njia kati yako na tovuti imefichwa, na tapeli naye huipata kufuli bila kulipa.

Zinazorudi zaidi ni bando la bure la sikukuu, kazi Dubai, na mkopo wa PDM (mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi) kwa "ada ya fomu". Pesa za PDM hupitia SACCO ya parishi yako. Hakuna linki ya WhatsApp inayozitoa.

17. Natumia VPN ili nifungue Facebook. Je, ni salama?

Tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, VPN imekuwa kama programu ya kawaida kwenye simu za Uganda, na wengi walichukua ya kwanza waliyoiona. Jua hili: VPN huwaficha kampuni ya simu tovuti unazotembelea, lakini mwenye VPN anaziona. Umehamisha imani kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. VPN ya bure isiyo na mwenyewe anayejulikana hupata pesa yake kwa matangazo au kwa kuuza habari zako. Proton VPN ina huduma ya bure na mwenyewe anajulikana. Ipakue kutoka Play Store. Usiweke faili la APK (la kuweka programu bila Play Store) ulilotumiwa kwenye kikundi. Ukimaliza Facebook, izime kabla ya kufungua benki.

18. Programu ya mkopo inataka kuona namba za watu wote kwenye simu yangu. Niruhusu?

Usiruhusu. Mkopeshaji hahitaji namba za ndugu zako ili akukopeshe. Anazihitaji ili akuaibishe ukichelewa, kwa kuwapigia mkweo, bosi wako na mchungaji. Wakopeshaji hutakiwa kuwa na leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji wadogo, chini ya sheria ya mwaka 2016; uliza huko kabla ya kukopa. Habari zako zikitumiwa hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakupa haki ya kulalamika kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi.

## Kompyuta, flashi na kafe

19. Nahitaji kununua antivirusi?

Kwa kompyuta ya nyumbani yenye Windows mpya, Defender iliyomo ndani inatosha. Kinachowaumiza watu ni programu zilizovunjwa leseni: ile Office "ya bure" ya fundi, ambayo hukuagiza uzime antivirusi kwanza ndipo uiweke. Agizo hilo lenyewe linakueleza kilichomo. LibreOffice ni ya bure kwa halali na hufungua faili za Word.

20. Apdeti zinakula bando. Lazima niziweke?

Lazima. Naelewa kabisa bando ni ghali, hasa tangu kodi ya asilimia 12 ilipowekwa kwenye data mwaka 2021. Lakini tazama kirusi cha WannaCry. Microsoft walitoa apdeti, yaani dawa ya tundu la usalama kwenye Windows, Machi 2017. Tarehe 12 Mei virusi vilipita kwenye tundu hilo hilo na kufunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Walioweka dawa ile miezi miwili kabla, tundu lao lilikuwa limezibwa.

Punguza gharama kwa kupakua ukiwa kwenye waifai ya kazini au chuoni, au kwa bando la usiku. Windows 10 iliachwa kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kupokea Windows 11 inaweza kuwekewa Linux Mint, ambayo hailipiwi.

21. Flashi yangu imejaa vishale vya shortcut na faili zimepotea. Je, zimefutika?

Karibu kila mara zipo. Kirusi kimezificha na kuweka mahali pake shortcut zenye majina yale yale, ili ukibofya kisambae kwenye kompyuta. Usibofye, na usikubali flashi iformatiwe.

Chomeka flashi kwenye kompyuta yenye Defender iliyosasishwa, uikague yote. Kisha fungua Command Prompt, andika amri hii ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako, na ubonyeze Enter:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Folda zako zitajitokeza tena. Zihamishe, futa zile shortcut, ndipo uformati.

Flashi huambukizwa pale inapopita mashine nyingi. Mwanafunzi anayeprinti tasnifu Wandegeya huipitisha duka la kwanza, printa imegoma. La pili, wino umeisha. La tatu anafanikiwa, na kirusi kimeshapanda. Kuwa na flashi moja ya kuprintia tu, isiyo na nakala pekee ya kitu chochote. Tasnifu yenyewe iwe pia kwenye Google Drive na kompyuta nyingine.

22. Nikiskani kitambulisho au vyeti kafe, kuna hatari gani?

Hapa ndipo ningependa watu wasimame na kutazama. Fungua folda ya Downloads ya kompyuta yoyote ya duka la kuprinti: vitambulisho vya mbele na nyuma, vyeti vya mitihani vya UNEB, mikataba ya kiwanja, barua za hospitali, vyote kwa majina. Mhudumu hana nia mbaya. Amechoka tu, na mteja mwingine anaita.

Kwa hiyo usiondoke. Mwambie kwa adabu, "Naomba tufute faili langu," uangalie likifutwa, kisha lifutwe na kwenye Recycle Bin. Ukimtumia hati kwa WhatsApp yake, mwombe aifute mbele yako. Ukiacha nakala ya kitambulisho mahali, andika juu yake kwa kalamu tarehe na kazi yake, kwa mfano "ya kukodi nyumba tu", ili isitumike kwingine.

Ukilazimika kuingia kwenye barua pepe huko, tumia dirisha la faragha na utoke kwenye akaunti ukimaliza. Benki usiifungue kabisa kwenye kompyuta ya watu.

23. Simu naiacha kwa mwenye sola achaji, au kwa fundi. Je?

Kwa mwenye sola, izime na utoe laini. Kwa fundi, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Kubadilisha kioo au betri si lazima ajue namba yako ya siri. Mjaribu pamoja simu ikiwa tayari. Baadhi ya simu za Samsung zina hali ya matengenezo inayoficha picha na meseji wakati fundi anafanya kazi.

## Mambo ya pekee

24. Nimeandikiwa kwamba jina langu limetoka kwenda Kanada, nilipie faili. Je, ni kweli?

Si kweli. Huduma za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, hazilipiwi, na kuhamishiwa nchi ya tatu hakuuzwi na mtu yeyote, awe na fulana ya shirika au barua yenye muhuri. Wanaoandika hivyo wanajua Kiswahili cha Kongo na majina ya zoni za Nakivale na Kyangwali, na wanajua umengoja miaka. Usitume pesa wala picha ya kadi ya familia. Peleka meseji hiyo ofisini kambini.

25. Nauza simu ya zamani. Kufuta picha kunatosha?

Hapana. Hifadhi vitu vyako, toa akaunti ya Google, kisha rudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Ukianza na hatua ya mwisho, simu inaweza kumdai mnunuzi neno lako la siri. Na ukinunua, iwashe dukani mpaka mwisho: ikidai akaunti ya mtu mwingine, iache. Huenda iliibwa.

26. Nimeshatapeliwa. Pesa inaweza kurudi?

Wakati mwingine, kama ni mapema na bado haijatolewa. Piga 100 papo hapo, taja namba ya muamala, uombe izuiwe. Usifute meseji hata moja, ingawa inauma kuzitazama. Nenda polisi nazo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inautaja udanganyifu wa kielektroniki kuwa kosa la jinai. Kama ulimpa namba ya siri, ibadilishe leo, pamoja na ya akaunti nyingine iliyofanana nayo.

Baada ya siku chache anaweza kupiga mtu mwingine, akijiita afisa au wakili, kwamba pesa yako imepatikana na anataka "ada ya kuifungua". Ni kundi lile lile, au limeuziwa namba yako. Usimlipe, chukua namba yake uipeleke kituo kile kile ulikoandikisha kesi.